Pua Iliyolala Miezi Minane

Kazini walimwita Pua, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Enzi zake, mpishi huyu wa bia aliweza kusimama mlangoni mwa jengo la kupanga akakutajia nani kaunguza kitunguu ghorofa ya tatu na nani anapiga pasi suruali mbichi. Katika kiwanda kidogo cha shemeji yake, kaka wa mkewe, halikuuzwa pipa kabla Pua hajaliinamia, akavuta pumzi, akasema "haya" au "mwaga."

Kisha yakaja mafua. Yalikuwa mafua ya kawaida kabisa, ya kupiga chafya na kulala siku tatu, ila yalipoondoka yaliondoka na harufu zote za dunia. Pua alinusa kitunguu, akanusa kiatu, akanusa mafuta ya taa, na vyote vilikuwa sawasawa na kunusa kioo cha dirisha. Siku tisa alilala ameuelekea ukuta. Ya kumi aliamka, akaenda kazini, na hakumwambia mtu. Mpishi wa bia asiyenusa ni sawa na dereva asiyeona, na shemeji, pamoja na undugu wote, asingemwachia kipofu usukani.

Akawa anapika kwa kukumbuka. Chupa ya kwanza aliipeleka nyumbani, akamwekea mkewe mezani katikati ya mapazia aliyokuwa akishona, akasimama kumtazama akinywa mpaka tone la mwisho.

"Unaionaje?"

"Nzuri, mume wangu."

Jioni ile Pua alikula akamaliza sahani, akajiambia kwamba kumbe mkono nao una akili zake. Tangu hapo kila pipa lilipata chupa moja ya mkewe, na kila chupa ikapata "nzuri" yake.

Kilichomsumbua ni ubao. Wateja walitaka kusoma kwa chaki kila bia inanukaje, na Pua hakuwa na la kuandika. Akagundua kwamba kwenye maonyesho ya sanaa, kando ya kila picha, hubandikwa kikaratasi chenye maneno ambayo hakuna anayethubutu kuyabishia. Akaanza kuyanakili. Wiki moja ubao ulisema bia yao "inahoji mpaka kati ya mkono na ukimya," na watu wakaja wawili wawili kuuonja huo mpaka.

Kiangazi kilipofika, baraza la mji likatoa ramani ya maonyesho, muziki na bia, vituo vitano, kila kituo na mhuri wake. Cha mwisho kilikuwa kiwanda cha shemeji, na hapo watu wangeichagua bia ya kiangazi kwa kutumbukiza kifuniko cha chupa kwenye ndoo ya kiwanda walichokipenda. Shemeji alikwisha kusema, kwa ule upole wake unaotisha, kwamba ndoo yao isipojaa atatafuta mpishi mwingine. Kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi Pua alichukua daftari na mke, wakaifuata ramani kutafuta maneno.

Kituo cha kwanza kilikuwa ukumbi mtupu wenye milango kumi na mmoja iliyosimama peke yake, bila ukuta hata mmoja. Watu walipanga foleni kuipita. Pua akapitia pembeni.

"Rudi," mlinzi alimwambia. "Tumia mlango."

"Lakini hakuna ukuta, ndugu yangu."

"Najua hakuna. Na mlango wa nne umefungwa, ufunguo uko kwa meneja, kwa hiyo mtasubiri."

Wakasubiri dakika ishirini, watu thelathini na wawili, mbele ya mlango ambao hata mbuzi angeuzunguka. Pua akaandika daftarini: *kusubiri kilicho wazi.* Mkewe alicheka mpaka akaketi.

Kituo cha pili kwaya iliimba bustanini imewapa wasikilizaji mgongo, kwa sababu kiongozi wao aliona nyuso zinaharibu sauti. Cha tatu kilikuwa kiwanda cha bia cha mpinzani wao. Mke wa Pua alionja, akafumba macho, kisha akaiweka glasi mezani ikiwa nusu na kuisukuma kando.

"Hii hata hukuimaliza," Pua alisema, na furaha haikumfichika.

"Nimeshiba tu," alijibu, akiitazama ile glasi kama mtu anayemsindikiza mgeni kituoni.

Kituo cha nne walikuta chumba kizima kimejazwa mlima wa pilipili manga ya kusaga. Kikaratasi kiliwataka wageni wauzunguke polepole wakipumua kwa kina. Pua alikuwa mtu wa kutii maandishi, hasa aliyokusudia kuyaiba. Kwenye mzunguko wa pili alipiga chafya. Akapiga nyingine. Alipiga kumi na saba, na wageni wakasogea wakamzunguka kwa heshima, wakidhani naye ni sehemu ya onyesho. Mmoja aliuliza anapiga tena saa ngapi.

Walipotoka nje Pua alisimama ghafla. Sabuni. Kola yake ilinuka sabuni. Akavuta pumzi tena: lami yenye joto, kisha majani yaliyokatwa, kisha mkewe, mafuta ya cherehani na kitambaa kipya. Machozi yalimtoka, naye akasingizia pilipili. Alitaka kumwambia, lakini angeanzaje kutangaza kupona ugonjwa ambao hakuwahi kuukiri? Akaongeza mwendo. Kazi ilikuwa salama sasa, alijua.

Saa kumi jioni kiwanda kilijaa. Shemeji alimpandisha juu ya kreti, akamshikisha glasi, na watu wakanyamaza wamsikilize. Pua akaipeleka glasi puani kama zamani.

Zilikuwa soksi. Soksi mbichi zilizosahaulika ndani ya begi, zikamwagiwa siki. La kuvunda halina ubani, na hili lilikuwa limevundia mikononi mwake mwenyewe. Akainua macho kumtafuta mkewe, akamwona karibu na nguzo, ananyanyua glasi yake, macho yamemlowa, anakunywa. Ilikuwa imebaki robo.

Miezi minane. Pua aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani.

"Ndugu zangu," alisema, "bia hii imeharibika. Inanuka soksi. Mimi nilipoteza pua miezi minane iliyopita nikawadanganya. Wekeni glasi chini."

Mama mmoja mwenye miwani ya fremu za mbao akaanza kupiga makofi polepole, na wenzake wakamfuata. "Soksi," alimnong'oneza jirani yake, "umeipata?" Jirani alikunywa, akasema ameipata, tena ya mguu wa kushoto. Vifuniko vikaanza kulia ndani ya ndoo ya shemeji. Mlinzi wa milango, aliyekuwa ametoka zamu, aliagiza glasi mbili.

Shemeji akamvuta sikio. "Hapo kwenye soksi umewamaliza. Usibadilishe kitu, umesikia? Hata kidogo."

Pua alishuka, akapenya katikati ya watu mpaka kwenye nguzo. Akaitoa glasi mkononi mwa mkewe na kuimwaga kwenye mfereji.

"Ulijua?"

"Siri ya mtungi aijuaye kata. Tangu chupa ya kwanza."

"Mbona hukuniambia, mke wangu?"

"Ulikuwa umelala siku tisa umeuelekea ukuta. Nilivyosema nzuri, ukala." Akajifuta midomo kwa ncha ya kanga. "Pua imerudi?"

"Imerudi."

"Kweli?"

"Unanuka mafuta ya cherehani."

Mkewe akaegemea nguzo kama mtu aliyetua mzigo.

"Basi niletee maji," alisema. "Miezi minane nina kiu."