Damu Iliyokataa Kujikunja

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu una makali kuliko mkasi wangu. Nalisema hili mapema ili mjue ni nani aliyekosa siku ile pale maabara.

Binti yangu wa miaka tisa alikuwa akatwe mafindofindo kesho yake asubuhi. Daktari alitaka kipimo kimoja tu cha damu. Mashine ikahesabu chembe za damu, karatasi ikatoka, kila kitu sawa. Kilichobaki ni mhuri wa mpimaji mkuu, mzee mmoja ambaye hospitali nzima ilimwita Babu Ngoja. Naye mhuri hakupiga. Alikuwa akiitazama pamba niliyombania mtoto mkononi. Ilikuwa imelowa chapachapa, na kitundu cha sindano bado kinavuja.

"Na haya mabaka miguuni?" akauliza.

"Huyo? Hatulii! Kila siku kajigonga, ukimuuliza wapi, eti hajui. Muongo huyo, mwache tu."

Binti yangu akainamisha kichwa.

Babu Ngoja akachukua vichupa viwili vya glasi. Kimoja akakitia damu ya mtoto, cha pili akaomba yangu. Akavisimamisha kwenye maji ya vuguvugu, akavuta kiti.

"Sasa tungoje. Masaa mawili tu."

Lo! Nilimwakia. "Mzee, mashine imeshahesabu! Nina magauni matatu ya watu mezani, wewe unanichemshia damu kama chai?"

Wasaidizi wake wakaangua kicheko. Yeye wala hakukasirika.

"Mwanangu, kutangulia si kufika. Mashine inahesabu waliofika kazini. Anayefanya kazi na anayekaa tu, haiwajui."

Nikasonya, nikakaa. Masaa mawili yalipokwisha akavinyanyua vichupa mwangani. Changu, damu ilikuwa imejikunja ikawa donge dogo katikati ya maji ya manjano. Cha binti yangu, damu imeganda lakini imejaa kichupa kizima, haijajivuta hata kidogo.

Babu Ngoja akanieleza polepole. Katika damu mna chembe sahani, kazi yake kuziba jeraha. Ndani ya kila chembe mna protini zinazopokea habari ya jeraha na kuamua lini chembe zishikane na kuvuta, lini zitulie. Nyingine za jamii hiyohiyo ziko kwenye uboho wa mifupa, zinaiamuru damu changa ikue iwe nini.

"Uboho wa huyu haudaiwi kitu, chembe zimezaliwa za kutosha," akasema. "Ila nadhani amri haizifikii. Kesho angekatwa, damu isingekoma."

Hapo nikayasahau magauni yote.

Akampigia daktari mwenyewe, upasuaji ukaahirishwa. Damu ikapelekwa maabara kubwa, na baada ya wiki sita jibu likarudi: protini moja ina kasoro ya kuzaliwa nayo. Mafindofindo yakaja kukatwa salama, mfuko wa chembe sahani za kuchangiwa ukining'inia kando ya kitanda tangu mwanzo. Alhamdulillahi, nililia hadi muuguzi akanitoa nje.

Nikamshonea Babu Ngoja koti jeupe, mifuko minne, mishono maradufu. Tukampelekea mimi na binti yangu.

"Nisamehe, mzee wangu. Ulimi hauna mfupa. Umenirudishia mtoto, na mimi sina cha kukulipa zaidi ya hiki."

Akalivaa papo hapo, akajigeuzageuza mbele ya dirisha kama bwana harusi. "Sasa hawa wasaidizi wangu wataniheshimu!"

Binti yangu akamvuta mkono wa koti.

"Babu, mwambie mama. Mimi kweli nilikuwa sijui nimejigonga wapi."

"Ulisema kweli, mjukuu wangu. Tangu siku ya kwanza. Damu kama yako huvilia ngozini hata bila kujigonga."

Ee Mungu wangu. Nikapiga magoti palepale sakafuni, nikayashika mabaka ya miguu yake moja baada ya jingine, nikamwomba msamaha kwa kila moja. Yalikuwa mengi. Babu Ngoja akavuta kiti chake, akakaa, akatungoja.