Bakteria wa Goti la Seremala

Kifuniko cha birika kiligongagonga gizani, na Bibi akajua mjukuu wake hakulala vizuri. Siku nyingine binti huyo, ambaye nyumba nzima ilimwita Chiriku kwa kupenda maneno, huamshwa kwa kuvutwa shuka. Leo alikuwa kajikunyata kando ya jiko, kimya kama maji ya mtungini.

"Leo ndiyo leo?" Bibi akauliza.

"Leo mkuu wa maabara anapata jibu. Akisema ni uchafu tu wa ngozi, Bibi, uso wangu nitauficha wapi?"

Bibi alikijua kisa chote. Chiriku alikuwa fundi wa maabara hospitalini. Aliletewa usaha wa goti la seremala aliyelazwa, akaupaka kwenye visahani vya rojo la kuoteshea bakteria na kuviweka ndani ya kabati la joto. Bakteria wengi huota kesho yake. Visahani hivi havikuota kitu, na kisahani kikikaa kitupu siku mbili tatu hutupwa. Chiriku alivisahau. Aliporudi kutoka mapumzikoni alikuta vitone vidogo vya rangi ya kunde, na mashine ya kutambua bakteria ikashindwa kuvipa jina.

Mkuu wa maabara alicheka. "Kisahani umekiacha wiki nzima, kikiota ukungu nao utauita ugonjwa? Huo ni uchafu wa mikono yako, binti."

Neno hilo lilimchoma Chiriku. Akaomba usaha mwingine utolewe, na mkuu aupande kwa mikono yake mwenyewe. Vitone vikaota vilevile, vikachelewa vilevile. Mkuu akaacha kucheka, akaagiza vinasaba vya bakteria huyo visomwe na kulinganishwa na vya bakteria wanaojulikana. Huenda alikuwa mkazi wa kawaida wa ngozi ya mgonjwa. Huenda hakuwa.

Siku hiyo ya jibu Bibi alikuwa na miadi ya kupimwa presha, basi wakaongozana hospitalini. Alipomaliza alikaa kwenye benchi nje ya maabara, akitazama mlango kama anayengoja mwali. Mkuu akatoka, akivua glavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu mjukuu wako ulikuwa unamlisha nini?"

Bibi akainuka kwenye benchi. "Kafanya nini tena?"

"Kaona tusichokiona. Yule bakteria hana ndugu wa karibu kokote tulikotafuta. Ni spishi mpya. Bado tutaandika, na wengine watahakiki, kazi ipo. Lakini mimi sina shaka." Kisha akageukia ndani, mlango ukiwa wazi, akapaza sauti wote wasikie: "Na lile neno uchafu nililomwambia binti huyu, nimelirudisha kinywani mwangu."

Bibi aliliweka hilo moyoni. Wakubwa wengi hukutukana barazani, wakakuomba radhi uchochoroni.

"Tumwite Chiriku huyo bakteria," fundi mmoja akasema kutoka ndani.

"Mgunduzi hatumii jina lake mwenyewe," Chiriku akajibu, akitokea mlangoni. Sauti yake ilikuwa imerudi.

"Basi mpeni la mama mkwe wangu," Bibi akasema. "Naye akishaingia mahali, kumtoa kazi."

Walicheka hadi mkuu akafuta miwani. Chiriku akangoja wanyamaze. "Tumwite Pole. Wataalamu watamvika mkia wa Kilatini, lakini ndani litabaki neno letu. Anaota polepole. Na kila atakayemtamka atakuwa amempa mgonjwa pole yake."

Hakuna aliyepinga. Bibi alijitazama vidole, maana macho yalikuwa yamejaa, na hakutaka mjukuu aone kuwa mtu mzima analia kwa raha.

Wakaenda wodini kumwambia mwenye goti. Seremala alikuwa ameketi kitandani, mguu juu ya mto. Dawa iliyomuua bakteria kisahanini ndiyo aliyokuwa akipewa sasa, na uvimbe ulikuwa umeanza kunywea.

"Kumbe nilikuwa na mpangaji asiyejulikana dunia nzima," akasema. "Mke wangu ananiambia sina jipya."

"Mwambie umeingia kwenye elimu, mwanangu," Bibi akasema, akimnyooshea shuka.

Seremala alimtazama Chiriku, utani ukamwisha. "Madaktari walikuwa wameanza kuniambia habari za kuukata. Umenibakizia mguu, dada."

Chiriku akamsogezea mto vizuri chini ya mguu. Bibi akamshika mjukuu mkono waondoke.

"Mama," seremala akaita nyuma yao. "Mje tena. Safari ijayo msije kwa ajili ya mpangaji, mje kwa ajili yangu."