Jua la Pampu

Jumatano asubuhi Edna alikuwa kwenye kibanda chake sokoni Ifakara, akilehemu waya wa redio, mama yake alipopiga simu kutoka Mofu. Mtoto wa Ursula, wa miezi minne, alikuwa analia tangu juzi, na maziwa ya ng'ombe anayatema. Ursula, dada yake Edna, alikuwa hajarudi kutoka kibaruani. Kwenye shamba la mwekezaji ilikuwa bado Jumatatu, saa tisa alasiri.

"Pampu imekufa tena?" Edna aliuliza.

"Mkanda umekatika. Wanasubiri mwingine kutoka Dar."

Edna alifunga kibanda, akapanda bodaboda.

Alifika saa nne. Upande wa kijiji vivuli vilielekea magharibi. Ng'ambo ya mfereji, shambani, vilielekea mashariki. Vibarua arobaini walikuwa wameinama wakipalilia mpunga. Ursula alisogea ukingoni, blauzi imelowa maziwa kifuani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mtoto anaendeleaje?"

"Amekonda. Toka, twende."

"Nikitoka kabla ya king'ora wananifuta jina. Mwambie mama jioni nakuja."

Edna akaenda ofisini. Msimamizi, Bwana Adolf, alimpa kiti, na Edna akamweleza anachokijua, kwa kuwa kisanduku cha king'ora aliwahi kukitengeneza. Ndani yake mna chipu ya kuhesabu. Asubuhi hupewa namba, elfu thelathini na mbili na mia nne, ambazo ni sekunde za saa tisa za kazi. Kila sekunde hupata pigo moja, nayo hupunguza moja. Ikifika sifuri king'ora hulia na jua la shamba hushuka. Chipu haijui saa ni nini. Inajua namba iliyopewa tu. Ila ina mguu mmoja unaoitwa lango. Mguu huo ukikosa umeme, hesabu husimama palepale ilipofikia. Na mtu alikuwa ameuunganisha na pampu.

"Pampu ikisimama hakuna maji," alisema Adolf. "Hatuwezi kuhesabu muda usio na maji."

"Lakini watu wanapalilia."

"Wanapalilia, ndiyo." Akaandika hilo kwenye daftari. Kisha akamwambia alete barua ya kijiji.

Mtendaji wa kijiji alisema jua la shamba haliko kwenye eneo lake. Afisa wa kazi, kwa simu, aliuliza vibarua wamefanya saa ngapi kwa saa ya shamba. Edna akasema nane. Afisa akasema basi hapo hakuna aliyezidishiwa, akamtakia siku njema. Edna alibaki ameshika simu, hajui amtukane nani.

Saa kumi alirudi shambani, akafungua kisanduku bila kumuuliza mtu. Akakata waya wa pampu, akaulehemu mguu wa lango kwenye betri. Adolf alisimama mlangoni akimtazama.

"Mimi si fundi," alisema, akarudi mezani.

Hesabu iliendelea pale ilipoishia, kwenye elfu tatu na mia sita. Baada ya saa moja king'ora kililia. Jua la Jumatatu likateremka mpaka likakutana na la Jumatano, na Ursula akavuka mfereji akikimbia. Mtoto alimnusa kwanza, kisha akanyonya.

Alhamisi waya ulikuwa umerudishwa kwenye pampu. Kisanduku kilikuwa na kufuli jipya, na juu yake karatasi ya kuwashukuru wafanyakazi kwa uvumilivu wao. Edna alilivuta lile kufuli mara mbili, tatu. Mlinzi akamwomba aondoke, akimwita "dada".

Wiki iliyofuata mkanda ulikatika tena.

Tangu hapo Ursula huenda kazini na mtoto mgongoni, ili wote wawili wawe kwenye jua moja. Mtoto hakondi tena wala halii. Krismasi ilipokaribia, mtoto wa jirani yao Siwema, aliyezaliwa wiki moja na wa Ursula, alikuwa anatembea. Wa Ursula alikuwa bado hajaweza kukaa. Edna aliwasindikiza kliniki. Muuguzi alimpima mtoto, akaweka alama kwenye kadi, chini ya mstari, akauliza mchana anashinda wapi.

"Shambani," alisema Ursula.

Muuguzi akaandika "shambani", akaita anayefuata.