Majani ya Mkono wa Kushoto

Kabla ya kupatwa na kiharusi, mama yangu alitia vitambaa rangi kwa magome na majani ya msituni, kisha akavishona kuwa picha za kutundika ukutani. Alipotoka hospitali mkono wa kulia ulikuwa umelala. Akahamia kwenye kiti cha dirishani, na masufuria yake yakahamia chini ya meza. Daktari alisema mkono wa kushoto ni mzima, autumie. Mama akajibu kwamba huo haujui kitu.

Baba ni fundi wa kuchomelea vyuma. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kujua gome lipi linatoa rangi gani. Jumamosi moja alichukua gunia, akaingia msituni peke yake, akarudi mchana amejaa miba na gunia limejaa kila alichokutana nacho. Akabandika sufuria uani, akamimina karibu vyote kwa mpigo, akatumbukiza shuka jeupe. Nilipojaribu kumzuia, aliniuliza mtu anayeyeyusha chuma atashindwaje na majani.

Shuka lilitoka na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Akalianika mbele ya dirisha la mama, akasimama pembeni akisubiri sifa.

Mama alilitazama weee. Kisha akasema, maneno yakitoka mazito:

"Mume wangu, umepika uji?"

"Ni sanaa," baba akasema.

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akaomba fimbo yake. Alitembea mwenyewe hadi uani, hatua kwa hatua, mimi nyuma yake roho mkononi.

Akaketi, akaanza kuamuru. Sufuria ikamwagwa. Kitambaa kingine kikalowekwa kwenye maji yenye shabu, ili rangi ishike. Ndani ya gunia yalikuwa yamebaki majani kiasi. Akayapanga juu ya kitambaa kwa mkono wa kushoto. Yalikaa upande. Akayapanga upya, yakakaa upande tena. Mara ya tatu akayaacha hivyo. Baba akaviringisha kitambaa kwenye kijiti, akakikaza kwa kamba, wakakiweka juu ya mvuke kwa saa mbili.

Kilipofunguliwa, kila jani lilikuwa limeacha umbo lake na mishipa yake, kahawia na manjano, yote yameinamia upande mmoja kana kwamba upepo unayapitia. Mama alikipapasa. Alisema zamani aliyapanga kama wanafunzi kwenye foleni, hakujua yanaweza kukaa hivi. Akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano.

Baadaye nilimuuliza baba kama aliliharibu lile shuka makusudi. Alikana kabisa. Yeye, alisema, aliliona limependeza.

Wiki iliyofuata alichomelea kiti chenye magurudumu manene, akamsukuma mama hadi ukingoni mwa msitu. Mama alinyoosha fimbo kuelekea tawi lililoanguka, akamwambia achukue gome la hilo tu, asiguse mti ulio hai. Baba akapiga magoti, akaanza kulibandua taratibu, akiuliza kila baada ya kipande kama hapo amepatia.