Daraja la Semeni

Usingizi wa jana ulinipeleka kazini bila posho. Niliota nimekaa mkekani na kundi la Kobe, watoto watano wa darasa la pili wanaosoma polepole, na kila mmoja ana gamba mgongoni. Sikushangaa. Jina la kundi nililitoa mwenyewe.

Zamu ni ya Semeni. Huyu ndiye anayeninyima raha. Kukicha namsikiliza kwa mara ya mwisho, na asipoweza kusoma peke yake anarudia darasa.

"Soma, mama," namwambia.

Anaweka kidole kwenye neno. Anavuta pumzi.

"Daraja," nasema mimi, nimsaidie.

Kitabu kinakohoa. "Shikamoo, Mwalimu Ndekwa."

"Marahaba."

"Samahani, neno hilo lilikuwa la mtoto."

"Nimemsaidia tu."

"Umelila."

Nachungulia ukurasa. Kweli, mahali pa neno pana tundu, na chini kabisa maji yanapita. Sasa mkeka uko ukingoni mwa mto. Ng'ambo ya pili ni darasa la tatu; kundi la Twiga wameshafika, wanakula maandazi.

"Mwalimu, tunavukaje?" Semeni anauliza.

"Liteme," kitabu kinaniambia.

Nakohoa. Kwanza linatoka neno nililolila juzi, mbuzi, likaondoka zake likilia. Likafuata sufuria, kwa kelele. Mwisho daraja, ubao kwa ubao, na koo liliniuma sana.

"Sasa funga mdomo, mwalimu wangu," kitabu kinasema.

Naufunga kwa mikono miwili.

"Da," Semeni anasema. Ubao mmoja unajilaza juu ya maji. Tunasubiri. Kobe mmoja anasinzia ndani ya gamba lake. Jibu linanitekenya ulimini, natamani kumsaidia mpaka machozi yananilengalenga.

"Ra," anasema.

Tunasubiri tena. Hakuna anayekufa.

"Ja!"

Akavuka akikimbia, gamba likamdondoka katikati, wala hakugeuka kuniangalia. Nilifurahi, na nikaumia kidogo kwamba hakunihitaji.

Nimeamka koo linawasha. Nimejipapasa ulimini nikatoa kibanzi cha ubao, kimelowa, kina harufu ya mto.

Nimekifunga kwenye leso. Leo zamu ya Semeni ikifika, nitakiuma kwa meno mpaka amalize.