Mchango wa Mtu wa Benchi la Nyuma

Ilikuwa mwaka wa 2024, majira ya kipupwe, mwezi wa Julai. Baridi ya mwaka huo iliingia mtaa wa Jericho, mashariki mwa jiji, kama mdai: haikubisha hodi wala haikuonyesha dalili ya kuaga. Kando ya barabara ya Jogoo palionekana magari yasiyo na nambari za usajili, na vijana waliosema sana katika maandamano ya mwezi uliotangulia walikuwa wameanza kusema kidogo. Wengine hawakusema kabisa, kwa kuwa hawakujulikana waliko.

Kezia Aluoch hakuhofia nafsi yake. Mwanamke aliyekwisha kuwazika wazazi wake na ndugu zake wote hana kubwa la kuogopeshwa. Hofu yake ilikuwa juu ya mjukuu wake, binti wa mwanawe Jackton, Akech, aliyesomea uchumi chuo kikuu, akakosa kazi, kisha akaamua kuwafundisha majirani bure yale aliyoyasomea. Kila Jumatano jioni, katika ukumbi wa mtaa, aliwaeleza wauza mboga na mafundi ni kwa nini nchi inayolipa madeni kila mwaka huzidi kudaiwa, na ni kwa nini anayetozwa kodi kwenye unga si yule aliyeula mkopo. Watu walijaa hadi mlangoni. Kisha mlango huo ukatiwa kufuli, na mwenye ufunguo akasema ameagizwa. Hakusema na nani.

"Dani," Akech alimwambia nyanya yake walipokuwa wakichambua sukuma, "mkutano unahitaji kibali. Matanga hayahitaji."

"Nani amekufa?"

Akech hakuinua macho. "Babu."

Kezia aliweka kisu chini. Sylvance Omolo, mumewe, alikuwa fundi wa injini katika karakana ya reli. Katika miaka ya tisini, wakopeshaji wa ng'ambo walipotaka wafanyakazi wapunguzwe ndipo nchi ikopeshwe tena, Sylvance alisimama mbele ya wenzake akauliza: mkopo wa kwanza tuliujengea nini, na waliokula mbona hawamo katika orodha ya watakaofutwa? Siku ya pili alitoka nyumbani asubuhi. Waliomwona walisema kwamba aliitwa kwa jina na watu waliokuwa ndani ya gari, naye, kwa adabu aliyofunzwa, akaenda kuwaitikia. Hakuna aliyeziangalia nyuso zao.

Tangu hapo Kezia hakukubali matanga, kwa maana kukaa matanga ni kukiri kwamba amekufa. Wazee wa nyumbani walimsihi wazike tunda la yago mahali pa mwili, kama desturi ya Wajaluo ilivyo kwa mtu aliyepotea. Alikataa, mwaka baada ya mwaka.

"Unataka kumfanya babu yako mwavuli," alisema.

"Nataka aliliwe, Dani. Na akililiwa, watu wajue alikufa akiuliza nini."

Kezia alikiokota tena kisu. "Basi hayatakuwa matanga ya uongo. Picha yake itakaa mezani, watakaochanga watachanga, na fedha zitatupeleka nyumbani tukalizike hilo tunda. Wewe utasema maneno yako. Lakini ujue kwamba mtu asiye na kaburi ukimwita, hujui atakuja na nani."

Turubai lilifungwa kati ya safu mbili za nyumba za kanjo, halmashauri ya jiji. Jioni ya kwanza walikuja wachache, ya pili wakajaa. Msimamizi wa michango alikuwa Mzee Ng'ang'a, jirani wa ukuta mmoja, fundi wa masanduku ya bati huko Kariobangi, mtu asiyeweza kupita penye ubishi bila kuweka kituo.

"Deni ni deni, binti," alimkatiza Akech jioni hiyo ya pili. "Mimi nikikopa bati kwa Mohamednur muuza bati, nitalipa bati."

"Na kama aliyekopa ni shemeji yako, akaezekea nyumba yake, kisha Mohamednur akaja kung'oa paa lako?"

"Nitamng'oa shemeji meno."

Watu walicheka. Mama mmoja akasema, "Huyo shemeji ana meno ya dhahabu, Baba Jecinta. Lete koleo."

Akech aliwaacha wacheke hadi wakamaliza. "Haya. Sasa Mohamednur anakuambia: mwache shemeji. Wewe punguza chakula cha watoto, uza nyundo na tindo zako, nami nitakukopesha bati jingine uliuze, unilipe la kwanza."

Ng'ang'a alikuna kidevu. "Nikiuza nyundo, nitamlipaje?"

"Hutamlipa."

"Basi mtu huyo hataki bati lake."

"Anataka nini, Mzee?"

Ng'ang'a alijigusa kifua. "Ananitaka mimi," alisema.

Hakuna aliyecheka. Katika kimya hicho ndipo Kezia alipomwona mtu wa benchi la nyuma. Alikuwa amevaa koti la ngozi, na viatu vyake vilikuwa safi mno kwa uwanja uliojaa matope. Kikombe chake cha chai kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, hakijaguswa. Hakumtazama msemaji, alikuwa akiwatazama wasikilizaji, mmoja baada ya mwingine, kama mchungaji anayehesabu kundi ambalo si lake.

Wakati wa michango ulipofika, watu walitoa hamsini, mia, mwenye uwezo mia mbili, na Ng'ang'a akawasoma kwa majina kama ilivyo desturi. Mtu yule akaja mbele, akaweka kapuni noti kumi za elfu moja.

"Tukusome kwa jina gani, ndugu?" Ng'ang'a aliuliza, sauti yake ikiwa imepungua.

"Rafiki wa familia."

Ng'ang'a akasoma: "Rafiki wa familia, elfu kumi." Watu wakaitikia, "Zimepokewa," lakini kwa uzito, kama wanaomeza dawa.

Mgeni alimwinamia Kezia, akaushika mkono wake kwa mikono miwili. "Pole sana, Mama. Marehemu aliugua nini?"

"Aliuliza swali."

"Ugonjwa huo hurithiwa." Macho yake yalimwendea Akech, yakatulia hapo. "Ndiyo maana nimechanga mapema. Desturi zenu nazijua: aliyekuchangia, nawe unadaiwa naye. Tutaonana katika matanga yajayo."

Alitoka polepole, bila kugeuka. Mwishoni mwa uchochoro, mbele ya lango la soko, gari lilinguruma, kisha likazimwa. Halikuondoka.

Ng'ang'a alisogea karibu. "Mama Jackton, msichana asilale hapa leo. Binti yangu Jecinta ana chumba Kariobangi."

"Atalala huko," Kezia alisema. "Lakini atapitia wapi? Njia ni moja, na gari liko kwenye njia."

Akech alikuwa ameshika ukingo wa meza ya picha. "Dani, tuvunje matanga. Nitanyamaza."

"Ukinyamaza, utakuwa umeipokea hiyo fedha." Kezia alizitoa zile noti kumi kapuni. "Watu wote hapa wameitikia. Ikilala nasi usiku mmoja, tunadaiwa, na ametuambia atadai nini."

Aliwageukia waombolezaji. Hakupaza sauti, watu walionyamaza hawahitaji kupaziwa. "Mume wangu aliitwa akaenda peke yake. Mimi nimeitwa leo. Naomba mnisindikize."

Benchi la kwanza lilisimama, kisha la pili. Mtu akawasha tochi ya simu, mwingine akafuata, hadi uchochoro wote ukaangaza. Akech aliwekwa katikati kama jeneza linavyowekwa, nao wakatembea kwa mwendo uleule hadi lango la soko. Walilizunguka gari. Kezia akagonga kioo kwa kidole.

Kioo kilishuka. Ndani mlikuwa na wanaume wawili; mwenye koti alikuwa upande wa abiria. Taa ziliwaangukia usoni.

"Umesahau fedha zako, mwanangu."

"Ni mchango, Mama."

"Mchango hupewa mfiwa. Wewe umetukopesha, nasi hatukukuomba."

Yule mtu alizikinga taa kwa kiganja. "Mnatupiga picha?"

"Tunawaangalia tu," Ng'ang'a alisema. "Zamani hatukuangalia."

"Usiku ni mrefu, Mama," mtu wa koti alisema taratibu, "na watu hawa wana makwao."

"Naam. Kwao ni hapa."

Kezia alizinyoosha noti dirishani. Moja iliponyoka ikaangukia matopeni. Akainama, magoti yakilia, akaiokota, akaifuta kwa leso yake na kuiweka juu ya nyingine. Nyuma yake Ng'ang'a alisoma kwa sauti ileile ya michango: "Rafiki wa familia, elfu kumi. Zimerudishwa."

"Zimerudishwa," watu wakaitikia.

Kezia alimwekea zile noti kiganjani, wala hakuziachia hadi vidole vya yule mtu vilipozifumbata.