Faharasa ya Chupa za Kwenye Friji

Siku hiyo mpumbavu nilikuwa mimi, tena mpumbavu aliyenyoa ndevu na kupiga mluzi.

Jana yake nilikuwa nimefuta faharasa kubwa ya benki ya damu ya hospitali, ile inayoiwezesha kompyuta kupata chupa bila kupekua kumbukumbu zote. Badala yake nikaweka ndogo, ya chupa zilizomo kwenye friji tu. Zilizokwisha kutumika za nini? Zimo mwilini mwa watu, zinatembea mjini! Nilipojigamba wakati wa chai ya asubuhi, mke wangu akauliza, "Umeijaribu kwenye skrini ya maabara?" Nikambusu kichwani, nikatoka.

Kabla ya adhuhuri dada yake alikuwa chumba cha upasuaji. Mtoto katoka salama, lakini damu haikatiki, na kundi lake ni adimu. Mama wa maabara akaandika kundi, akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka.

"Fundi, shemeji yako anaishiwa damu huko!"

"Si ufungue friji uchukue!"

"Chupa haitoki humu kama kompyuta haijaikubali. Unataka nimpe ya nani?"

Mke wangu kasimama mlangoni. Jasho lilinishuka mpaka kwenye soksi. Nikalisoma swali ambalo skrini huiuliza hifadhidata: lilitaka chupa zote za kundi lile, tangu hospitali ifunguliwe, kisha skrini yenyewe ndiyo ifiche zilizotumika. Friji haikutajwa popote. Na faharasa yangu huamka pale tu swali linapotaja sharti lake. Lisipotaja, inakaa kimya kama mgeni asiyekaribishwa, na kompyuta inapekua miaka yote, chupa kwa chupa.

Nikaongeza maneno machache: zilizomo kwenye friji tu. Nikakosea herufi. Nikafuta, nikaandika upya. Kiduara kikatoweka, chupa mbili zikajitokeza. Mama wa maabara akazitoa, akaondoka mbio.

Mimi na mke wangu tukakaa kwenye benchi la korido mpaka muuguzi alipokuja: damu imekatika, mzazi anaomba maji.

Pumzi iliponirudia, ulimi nao ukarudi. "Lakini faharasa yangu haikuwa na kosa," nikasema. "Iliulizwa vibaya tu."

Mke wangu akanigeukia. "Mimi nilikuuliza vizuri asubuhi. Mbona hukujibu?"